Bolivia Ilipoingia Mlango Namba Saba

Ninyi mliobaki pale ghalani mmeniomba niandike, na mimi sijawahi kuombwa kusema nikakataa. Hata mume wangu atawaambia. Lakini tukubaliane mapema. Mshahara siandiki, mnaujua. Vyeo siandiki, maana nilikuwa na kimoja tu, na sikukipatia Marekani. Nitaandika siku za kwanza, vifaa, watu walionifundisha kazi, na ile siku ya magunia ya Bolivia ambayo kila mgeni anasimuliwa vibaya. Majuzi mmoja wenu kanipigia kuuliza kama ni kweli nilimzaba supavaiza kofi. Jamani! Sikumgusa. Nilimwomba radhi, na nawaambia kweli, kofi lingekuwa rahisi zaidi.

Mimi ni Mrundi. Niliingia Tanzania nikiwa msichana mbichi, na utu uzima wangu karibu wote umepita kambini, mkoa wa Kigoma. Huko nilifundisha jiografia shule ya msingi miaka ishirini na ushei. Hicho ndicho cheo chenyewe: Mwalimu. Mnaniita hivyo hadi leo, hata wale ambao sikuwafundisha kitu zaidi ya kufunga mizigo kwenye paleti za mbao.

Louisville ndiko nilikoanzia, mwaka 2013. Siku ya kwanza nilivaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino, kwa kuwa nilijua mtu anakwenda kazini akiwa nadhifu. Mlinzi alinitazama juu mpaka chini, akauliza kama nakwenda ofisini. Nikasema ndiyo. Akanipeleka ofisini kweli. Nilikaa nusu saa kwenye kiti cha wageni, nikaletewa maji ya baridi, nikawa najisemea kwamba Marekani nimeiweza. Ndipo akaja mtu anacheka, akanipa viatu vyenye chuma mbele na kizibao cha njano kinachong'aa, akanipeleka nyuma kwenye vifurushi.

Huko nyuma nilikabidhiwa kwa Mzee Anatole, Mkongomani wa Uvira, mtu mfupi mwenye mgongo uliochoka na mdomo usiochoka. Somo lake la kwanza lilikuwa kisu cha kufungulia maboksi. "Bon, mama," akasema, "kisu hii iko mukali. Usikate kuja kwa tumbo yako. Kata kuenda kule." Somo la pili lilikuwa skana, ile mashine ya kusomea namba. Nilikuwa napiga mlio, napitisha. Napiga mlio, napitisha. Akanishika mkono. "Mashini inasoma namba tu, donc kusoma muzigo ni wewe. Utikise. Unuse. Usikie." Boksi lililovunjikiwa kitu ndani lina sauti yake, na lililolowa lina harufu yake kabla hata halijaonyesha doa. Nimefanya kazi maghala matatu, na sijakutana na aliyenifundisha zaidi ya hayo.

Sasa niwaambie kilichonifurahisha Louisville, maana hamtakidhania. Ni lebo! Kila boksi limeandikwa lilikotoka. Mimi niliyefundisha dunia nzima kwa ramani tuliyoichora kwenye mifuko ya unga wa msaada, dunia yenyewe ikawa inapita mbele yangu kwenye mkanda unaosogeza mizigo. Kahawa ya Kolombia. Zabibu za Chile. Niliyashika yale maboksi ya Chile kwa mikono miwili, nikasahau kupitisha, mkanda ukajaa, taa nyekundu ikawaka. Mzee Anatole akaja anakimbia. "Mama! Chile haiko yako! Ipitishe!" Nikaipitisha, lakini siku nzima nilikuwa nacheka peke yangu.

Columbus tulikaa muda mfupi, kwa ajili ya ndugu wa mume wangu. Ghala lile lilikuwa la nguo zinazorudishwa. Watu wa Columbus hununua gauni, huvaa harusini, kisha hurudisha likiwa na harufu ya keki, na barua kwamba halikuwatosha. Huko ndiko nilikojifunza kukataa mzigo. Kijani ni kupokea, nyekundu ni kukataa, na chini ya lebo unaandika jina lako lote. Yule mama aliyetusimamia hakukubali herufi mbili za haraka. Alisema asiyeweza kuandika jina lake zima chini ya neno lake, basi neno hilo abaki nalo mwenyewe. Nilimwona ana makuu. Baadaye nilimwelewa sana.

Kisha Buffalo. Binti yetu alipata nyumba East Side, kubwa, kuukuu, ngazi zake zinalia kila ukikanyaga, nasi tukamfuata. Kazi nikapata Cheektowaga, ghala la vyakula vikavu: mchele, maharage, nafaka, njugu. Sikuwa na gari, hivyo nilipanda la Mama Zawadi, Mkongomani wa Bukavu, jirani yetu. Kila asubuhi aliwashusha watoto wake shuleni kwanza. Anawaambia kwa Kiswahili wafunge mikanda, wanamjibu kwa Kiingereza wameshafunga, na yeye anageukia kwangu kulalamika kwamba amezaa Wazungu. Halafu tunaimba nyimbo za kwaya mpaka getini.

Siku niliyokwenda kuiomba kazi hiyo nikaitwa kuonana na supavaiza wa mapokezi. Nikaingia. Kijana mrefu, mabega mapana, kitambulisho kifuani, anaandika. Aliponyanyua kichwa alisimama ghafla hata kalamu ikaanguka.

"Mwalimu Beatrisi!"

Akaweka mikono nyuma, wima kabisa, kama tulivyowafundisha mstarini. Mimi ndiye niliyekuja kuomba kazi, na yeye ndiye anayesubiri ruhusa ya kukaa.

"Elie wa Nestori?" nikauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kaa chini, mwanangu."

Akakaa. Ndivyo nilivyoajiriwa. Tangu hapo hakuwahi kunipa amri hata moja. Alikuwa anasema, "Mwalimu, kama hutajali, mlango namba saba kuna lori." Na mimi nilikuwa sijali, nakwenda. Wenzangu walikuwa wananicheka kwamba bosi ananiogopa. Haikuwa woga. Sisi wa kambini, mtu aliyekushikisha chaki humwoni kama watu wengine, hata ukimzidi cheo mara kumi.

Mlango namba saba ndio uliopokea mizigo midogo midogo ya waagizaji wadogo, na ndipo nilipokutana na Bibi Casimira. Alikuwa mama wa Bolivia, umri kama wangu, anaishi Amherst na mwanawe anayefundisha chuo kikuu. Alikuwa na misuko miwili mirefu na kofia nyeusi ya duara iliyokaa juu ya kichwa bila kufungwa na chochote, na upepo wa Buffalo wote ule haukuwahi kuiangusha. Alileta kinoa, ile nafaka ndogo ndogo ya kwao, na kila Alhamisi alikuja mwenyewe kuiangalia kama mtu anayetembelea mgonjwa. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kibovu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Kwenu mna bahari?"

"Hatuna," nikamwambia. "Tuna ziwa."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Na sisi!"

Wee! Mazungumzo yakaanzia hapo, wala hayakuisha. Akaniambia zamani walikuwa na pwani, wakapigana vita na Chile, pwani ikaenda. Lakini jeshi la maji wameendelea kuwa nalo. Nikauliza linaelea wapi. Akasema ziwani Titikaka, kule juu milimani, na kila mwaka wanaandamana kuikumbuka bahari. Nikacheka hadi nikaegemea paleti. Nikamwambia na sisi Burundi tuna askari wa maji, wako Tanganyika, na bahari hatujawahi hata kuinyang'anywa. Akacheka yeye, kofia ikatulia vile vile.

Kila Alhamisi aliniletea kipande kingine cha nchi yake, nami nikawa nahesabu siku. Kwamba wana mji mkuu wa katiba, Sucre, na mwingine wa serikali, La Paz. Kwamba La Paz iko bondeni na watu wengi wanaishi ukingoni juu yake, na sasa hivi wamefungiwa magari yanayoning'inia kwenye waya, mtu anakwenda kazini anapita juu ya mapaa ya watu akiona wanavyoanika nguo. Kwamba mama akienda sokoni anamfunga mtoto mgongoni kwa kitambaa cha rangi, na aliponionyesha kufunga kwenyewe nilipiga kelele, maana tofauti na sisi ni fundo tu: wao hulifungia juu kifuani. Kwamba katika mabonde ya Yungas, yenye kahawa na machungwa, wako watu weusi kama mimi, ambao babu zao walitolewa Afrika kwa pingu wakapelekwa kuchimba fedha mlima wa Potosí, na hadi leo wana ngoma yao ya kupokezana wimbo na vishindo vya ngoma kubwa. Hapo sikucheka. Nilimwomba arudie. Nilikaa juu ya gunia na machozi yakanitoka. Watu wetu, huko kote! Na mimi mwalimu wa jiografia sikuwahi kusikia.

Halafu Alhamisi moja akaniambia kuhusu baridi. Kwao, juu kwenye uwanda kati ya milima, usiku maji yanaganda kwenye ndoo. Watu wanavaa sufu mwaka mzima. Nikaacha kuhesabu magunia, na yeye akadhani nimechoka.

Sikuwa nimechoka. Nilikumbuka jambo, na ninyi lazima mlijue, vinginevyo hamtaelewa kilichofuata. Kule kambini kitabu changu cha Amerika ya Kusini kilikuwa kimoja, na ukurasa wa Bolivia haukuwemo. Mtu alishausokotea tumbaku. Siku nafundisha Brazili, mtoto mmoja mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, na hii nchi ya pembeni kukoje?" Watoto tisini na wawili wananitazama. Mwalimu wa kambini hasemi hajui. Ndivyo tulivyokuwa, tulidhani ukisema hujui darasa litakuponyoka. Nikasema kilichonijia mdomoni, tena kwa sauti ya mamlaka, wakaandika. Mtoto aliyeuliza alikuwa Elie.

Nikakaa na jambo hilo kifuani miezi. Kila nikimwona Elie nasema leo nitamwambia, na kila akiniita Mwalimu nasema labda kesho. Aibu, jamani. Bibi mzima.

Sasa siku yenyewe. Februari, theluji hadi magotini. Asubuhi likaingia lori mlango namba saba na magunia kumi na manane ya Bibi Casimira. Safari hii hayakuwa ya kinoa, karatasi zilisema viazi vikavu. Mama Zawadi akafungua gunia la kwanza, akaingiza mkono, akautoa haraka.

"Ee Mungu wangu. Mwalimu, hii kitu iko mubaya kabisa."

Ndani kulikuwa na vitu vyeupe, vidogo, vimekunjamana, vyepesi ajabu, vinagongana kama kokoto. Harufu ikatoka, harufu ya kitu kilichokaa majini. Elie akaja na karatasi, akaangalia, akasoma, akatikisa kichwa.

"Vimeshikwa na baridi njiani," akasema. "Tena wameandika wenyewe, vimegandishwa. Kipasha joto cha lori kimezima, viazi vikaganda vikaharibika, sasa wanajikinga kwa maneno. Naweka nyekundu. Gari la taka linakuja saa nane."

Akatoa lebo nyekundu mfukoni. Mnajua sheria ya pale: mwagizaji akipata nyekundu mbili, anaondolewa orodhani, wala hasikilizwi tena. Bibi Casimira alishapata moja mwaka uliopita, kwa wadudu kwenye kinoa. Na alishaniambia viazi hivi vinatengenezwa na wanawake wa kijijini kwao, dada yake akiwemo, na kwamba mlango wao wa kutokea ulikuwa mmoja tu: huu wetu.

Nikajaribu kupita njia ya panya. "Elie, hivi huko kwao si kuna milima milima? Pengine baridi ni ya huko huko."

Akatabasamu. Akaweka mikono nyuma, lebo ikiwa bado vidoleni.

"Mwalimu ananijaribu," akamwambia Mama Zawadi. Kisha akakariri, bila kukosea hata pumzi: "Bolivia ni nchi ya joto na mvua nyingi mwaka mzima. Watu wake huvaa nguo nyepesi, na chakula chao kikuu ni ndizi." Akainamisha kichwa kidogo. "Nimepatia, Mwalimu?"

Mama Zawadi akampigia makofi. Yalikuwa maneno yangu, na mahali pa kuvuta pumzi palikuwa pangu pia.

"Umepatia nilivyokufundisha," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Si kukosea hata. Sikujua, nikatunga. Niwie radhi, mwanangu."

Makofi yakaisha. Elie akawa ananitazama kama hajanisikia, nikamweleza yote: kitabu, ukurasa, tumbaku, mkono wake uliokuwa juu.

"Tulikuwa watoto tisini, Mwalimu," akasema polepole.

"Tisini na wawili."

"Na swali lilikuja kwenye mtihani."

"Mtihani niliutunga mimi."

Akaenda hadi mlangoni, akarudi. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na kwenye nafasi ile hajamaliza hata mwaka. Akipokea chakula kibovu, watu wakaugua, atakayetafutwa si mimi. Akaniuliza swali ambalo sijaulizwa na mtu yeyote maishani, wala Mzungu wala Mwafrika.

"Kama siku ile ulinitazama usoni ukasema usichokijua, leo nitajuaje kwamba unakijua?"

Zamani ningemjibu kwa fimbo. Siku ile nilifurahi. Naapa, katikati ya aibu yote ile nilifurahi, kwa sababu hilo ndilo swali nililopaswa kuwafundisha tangu mwanzo, na amelipata bila mimi.

"Usiniamini," nikamwambia. "Lete kipima unyevu."

Akakileta. Kiazi kilichogandia ndani ya lori kinayeyuka kuwa uji. Kinalia maji ukikibonyeza. Akachoma ncha za kipimo kwenye gunia la kwanza, la tisa, la mwisho. Kavu. Kavu kuliko maharage yetu yenyewe. Nikachukua kimoja nikakivunja kwa viatu vyangu vyenye chuma, ndani kikawa cheupe pe, unga unga. Nikamwekea kiganjani.

"Sasa nusa. Usiniambie kama kinanuka, hilo nalijua. Niambie harufu hii umewahi kuinusa wapi."

Akanusa. Akanusa tena, akafumba macho. Nikamwona anaondoka Cheektowaga kabisa.

"Udaga," akasema.

"Haswa!"

"Mama alikuwa anauloweka nyuma ya nyumba. Mihogo michungu."

"Na mgeni akipita kambini akiusikia?"

"Anasema tunakula vilivyooza." Akafumbua macho. "Mwalimu, hawa nao wanaloweka?"

"Bibi Casimira aliniambia wanaondoa uchungu. Jinsi gani hasa, sijaona. Mwite mwenyewe. Mimi nakwambia ninalojua, na ninalojua linaishia hapo."

Haikutosha kumfanya apokee, na alifanya vizuri. Lakini lebo nyekundu akairudisha mfukoni. Nikachukua ya kijani, nikaandika chini yake jina langu, la baba, la babu, mpaka nafasi ikaisha. Nikamwambia akipokea kwa lebo hii na ikawa kosa, atakayefukuzwa ni mwenye jina. Akaisoma, akampigia simu Bibi Casimira.

Alifika saa saba na robo, theluji begani, bakuli limefungwa kitambaa mikononi. Viazi kama hivyo vya kwake mwenyewe aliviloweka tangu jana yake, vikawa vimeiva, na jibini na mayai juu. Akaona magunia, akaona sura zetu, akajua. Hakulia wala hakubembeleza. Akaweka bakuli chini, akavua koti, akaanza kuonyesha. Juni na Julai, viazi vinatandazwa uwanjani. Usiku baridi inavigandisha, mchana jua linaviyeyusha, usiku tena, mchana tena. Kisha wanawake wanapanda juu yake miguu mitupu. Akaanza kukanyaga pale sakafuni, hatua fupi fupi, mikono kiunoni, misuko inaruka.

"Vile njo sisi tunakanyaga udongo ya nyumba!" Mama Zawadi akapiga kelele, akavua buti, akajiunga naye. Basi wakawa wawili, soksi kwenye saruji ya Cheektowaga, wanakanyaga viazi visivyokuwepo, mmoja anaimba cha kwao na mwingine anaitikia cha kwao. Vijana wa forkilifti wakazima mashine wakaja kuangalia. Maji yakishatoka, akasema Bibi Casimira huku akihema, vingine vinaanikwa vikawa vyeusi. Hivi vyeupe vinapelekwa mtoni, vinalazwa majini wiki kadhaa, ndiyo vinaanikwa. Vinakaa miaka. Wanaviita chunyo. Baridi inayoua mazao ya wengine, wao wameifanya mpishi.

Elie alikula kwanza, kwa mujibu wa kazi yake. Alitafuna muda mrefu. Kisha akabandika kijani kwenye gunia la kwanza, na chini ya jina langu, pembeni kabisa palipobaki, akabana la kwake. Gari la taka lilipokuja saa nane, dereva alipewa chunyo kwenye kikombe cha karatasi akaondoka.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Watu wengi wanaosimulia wanaishia hapo, baada ya kuongeza kofi. Lakini jioni tukifunga, Elie akanijia na simu yake. "Mwalimu," akasema, "kama hutajali." Akanionyesha. Kumbe watoto wangu wa darasa lile wana kundi la WhatsApp! Louisville wako, Columbus wako, Kanada, Australia, watu wazima wenye ndevu na watoto, na sikuwahi kujua. "Wote wanajua Bolivia ni joto," akasema. Akaniwekea simu kiganjani.

Nikabonyeza kurekodi sauti. Nikasema, "Watoto wangu, ni mimi Mwalimu Beatrisi. Niliwafundisha uongo kuhusu Bolivia. Kalamu mkononi." Nikawafundisha upya, dakika kumi na moja, milima, uwanda, Titikaka, Yungas na watu wake, chunyo, baridi, na mwisho nikawaomba radhi. Majibu yalianza kabla sijavaa koti. Vicheko, vilio, picha za vitabu vya watoto wao. Mmoja wa Columbus aliandika kwamba aliwahi kubishana na Mbolivia kazini hadi wakanuniana, na kesho anakwenda kumwangukia. Nilicheka njia nzima, Mama Zawadi akawa ananiuliza nimelewa chunyo au vipi.

Asubuhi yake, tukiwa garini watoto wameshashuka, simu yangu ikalia. Kumbe Elie alishaweka namba yangu kundini: ujumbe wa sauti kutoka Tanzania. Nikaufungua. Nyuma yake makelele ya watoto wengi, mapumziko ya shule ya zamu ya jioni, sauti ambayo ningeijua popote.

"Mwalimu, shikamoo. Ni Daudi, nilikuwa nakaa dawati la Elie. Mimi sikuondoka, bado niko hapa kambini. Ninafundisha jiografia. Bolivia nimeifundisha miaka saba kutoka daftari langu, kama ulivyotuandikisha, ndizi na yote. Nina watoto mia na kumi, wanaingia sasa hivi. Nitayafuta yote. Ila nakuuliza, niwaambie nani alikosea? Maana na mimi sikuijua, na sijawahi kuwaambia hivyo."

Mama Zawadi akasimamisha gari pembeni, kwenye theluji, bila kuambiwa.

Nikabonyeza kujibu. "Marahaba, Daudi. Waambie ni mimi. Andika jina langu ubaoni, lote, wasome. Halafu chini yake, mwanangu, andika na la kwako."